Nilimpofua Rafiki Yangu Jicho kwa Sababu ya Sentensi Moja Iliyosomwa Darasani

Admin, jina langu lifiche, na la chuo pia. Wakinijua wataniua, na hapo sitanii. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, nakaa mtaa wa Lucky Summer, nasoma biashara mwaka wa tatu. Alfajiri nachinja mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko, saa nne niko darasani. Hiyo kazi sikutaka ijulikane chuoni, maana watu wa campus wana midomo. Aliyeijua ni mmoja tu, nitamwita Kevo, ambaye tumekaa naye ploti moja ya nyumba za kupanga tangu tukiwa darasa la nne, na chuoni tuko darasa moja.

Muhula huu tulipata mhadhiri mpya, madam mmoja mwenye mambo yake. Alifuta mtihani wa kuandika. Badala yake tukagawanywa makundi ya watu wanne, mimi na Kevo kundi moja, kila kundi likae na mafundi wa viatu vya tairi pale soko la Kariokor wiki sita na kuwaandikia mpango wa biashara. Halafu eti maksi tupeane sisi wenyewe. Kila mtu anamwandikia mwenzake karatasi yenye sehemu mbili: juu kasoro moja, chini sifa moja. Jina lako huweki, na huwezi kuacha sehemu wazi, ukiacha karatasi yako inatupwa. Wiki ya kwanza angesoma kasoro peke yake ili tujirekebishe, na wiki ya pili asome sifa. Tulimcheka sana, tukasema huyu katuletea mteremko.

Siku ya kasoro ikafika. Madam akataja jina langu, akasoma kwa sauti yake ile ya upole: "Anakuja kwenye kazi akinuka damu ya mbuzi." Darasa zima lililipuka. Kuna msichana nyuma akalia "meee", watu wakapiga meza. Madam alisema tulieni, tulieni, lakini nani wa kumsikia? Wallahi masikio yaliniwaka moto. Nilimtazama Kevo, akainamisha kichwa. Hapo nikajua mkono ni wake.

Sikumalizia masomo ya siku hiyo. Nilimsubiri nyuma ya ploti yetu, saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu. Alikuja ameshika mkate.

"Niaje, buda," akaniambia.

"Ni wewe umeniandika?"

"Ni mimi, lakini ngoja nikuambie..."

Sikungoja. Kwenye begi nilikuwa na kile chuma cha kunolea visu. Nilimpiga nacho usoni, akaenda chini, nikampiga tena. Alijikinga kwa mkono, anasema, "Ngoja wiki ijayo! Ngoja wiki ijayo utaona!" Mimi nikadhani ananitisha. Hapo ndipo nilimpiga ile ya tatu, na nikasikia kitu kikilegea chini ya chuma. Alipiga kelele ambayo sijawahi kusikia hata kwa mnyama. Nikakimbia.

Jicho la kushoto lilipasuka. Madaktari walilitoa. Watu walipomuuliza, Kevo alisema ni mwizi mmoja mwenye chuma, hakumwona vizuri. Mimi nikaenda hospitali na machungwa kama mtu mwema, mamake akanishika mkono akilia, akaniita mwanangu.

Wiki ya pili madam akaleta sifa. Alitaja jina langu, akasema hii ni karatasi ileile ya mbuzi, sasa sehemu ya chini. Akasoma: "Anachinja tangu alfajiri ili ajilipie karo, na bado ndiye anafika Kariokor wa kwanza. Mafundi waliongea na sisi kwa sababu yake. Madam, kama maksi zake hazitoshi, chukua zangu umpe." Hakuna aliyecheka. Nilitoka nje bila hata kuchukua begi langu. Nilijichukia, na bado najichukia ninapoandika haya.

Nilipaswa kusema ukweli siku hiyo. Sikusema. Niliogopa kaka yake Kevo, dereva wa lori, ambaye alikuwa ameshakusanya vijana wa mtaa. Alinipitia Jumamosi asubuhi na panga ndani ya koti. "Wewe ni ndugu yetu," akaniambia. "Twende tumtafute huyo msee aliyemtoa Kevo jicho." Nikaenda, nikimtafuta mtu ambaye ni mimi. Karibu na mtaa wa Baba Dogo walimkuta mwanamume anayeokota vyuma, guniani mwake mna nondo. Hawakuuliza mara mbili. Walimpiga mawe, walimpiga mbao, mkono ukavunjika nikiona. Alikuwa analia kwamba hamjui huyo Kevo, ana watoto. Na mimi, ili nisionekane nimesimama kando, nilimpiga mateke mawili ya mbavu. Wapita njia ndio walimwokoa.

Jana nilimweleza Kevo yote, pale kitandani hospitali. Aliniangalia kwa jicho moja, bandeji imefunika nusu ya uso. Kisha akasema, "Mimi nilikufichia siri kuhusu jicho kwa sababu hilo ni langu. Mkono wa huyo msee si wangu. Ijumaa brother anakuja kunitoa hapa. Umwambie wewe, ama nimwambie mimi."

Nikienda polisi mwenyewe, masomo yameisha na mama yangu, ambaye hajui kitu, atabaki peke yake. Nikimwambia kakake, sijui kama nitafika mlangoni. Nikitoroka, Kevo atasema, na wakinikosa mimi hasira itamwangukia mtu mwingine asiye na hatia. Leo ni Jumatano. Matusi nitayasoma yote, ninayastahili, lakini miongoni mwenu awepo mmoja wa kuniambia: nianzie wapi, kwa polisi, kwa kakake, au kwa yule mtu niliyempiga mateke?