Tangazo Alilolifupisha

Bwana Tangazo aligombana na mtaa mzima kwa sababu ya maneno. Kazi yake ilikuwa kupita na gari la ofisi ya afya, kipaza sauti juu, akitangaza maradhi na chanjo, na watu walimuudhi kwa kuropoka. Mtu mmoja akiharisha tu, wanasema janga. "Janga gani?" alikuwa akifoka, hata msibani. "Huyo ni mgonjwa mmoja. Wakiongezeka ghafla mahali pamoja, huo ni mlipuko. Ukienea nchi kwa nchi, hapo ndipo mniambie janga!" Watu walicheka, kisha wakahama benchi wakamwachia peke yake. Mke alishafariki, mtoto hakujaliwa, na nyumbani kwake iliyoongea ilikuwa redio.

Aliyemvumilia alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kila Ijumaa alikula kwake. "Kula, mdogo wangu," dada humwambia, "mdomo ukijaa na sisi tutapumzika."

Kisha kipindupindu kikaingia, na wa kwanza kulazwa akawa dada huyo huyo. Daktari akaandika karatasi: mgonjwa wa kwanza kugunduliwa ni fundi cherehani, chanzo bado kinatafutwa. Bwana Tangazo, roho mkononi, aliona maneno hayo ni marefu mno kwa gari linalotembea. Miaka yote alikuwa akifupisha, na alijisifia hilo. Akafupisha. "Chanzo ni nyumba ya fundi cherehani! Chemsheni maji!" Mitaa minane, mara tatu kwa siku, siku nne mfululizo. Jamani! Mtu aliyesahihisha hata wafiwa!

Dada alipona, akarudi akakuta wateja wameshazifuata nguo zao, hata zile zisizotiwa mikono. Waliokuwa wakimsalimu sasa walivuka barabara. Ijumaa hiyo Bwana Tangazo alibisha hodi mpaka vidole vikauma, mlango haukufunguliwa. Ijumaa iliyofuata, vilevile. Akawa anakula mkate mkavu amesimama jikoni kwake, na upweke ulimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Mwezi mmoja baadaye maabara ikasema chanzo ni bomba lililopasuka ndani ya mtaro. Mkuu wake wa kazi akampa tangazo la mwisho: mlipuko umekwisha. Basi.

"Na habari ya dada yangu, mkuu?"

"Mzee wangu, watu wameshaanza kusahau. Wewe unataka kuwakumbusha?" Gari likapangiwa kazi nyingine.

Akapiga moyo konde. Ijumaa, saa nne asubuhi, alichukua kipaza sauti cha mkononi, akaenda kwa miguu mpaka mlangoni kwa dada yake, akasoma tangazo lake mwenyewe bila kukata neno. "Fundi cherehani alikuwa mgonjwa wa kwanza kugunduliwa. Hakuwa chanzo cha ugonjwa. Chanzo ni bomba la maji lililopasuka. Aliyewadanganya ni mimi, mtangazaji, ndugu yake wa tumbo moja."

Mlango ukafunguliwa. Dada alikuwa amekonda, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Hakumtazama. Alitazama barabara, huku na huku. Watu walikuwa makazini, watoto shuleni, hapakuwa na mtu hata wa dawa.

"Siku zile ulipita na gari," alisema. "Mitaa minane."

"Dada, nisamehe."

"Leo unanitangazia mimi? Mimi nilikuwa najua." Akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Bwana Tangazo akaketi kwenye ngazi, kipaza sauti mapajani, machozi yakimtoka kama mtoto. Ndani, cherehani ikaanza kuzunguka, naye alijua hakuna nguo ya mtu mle ndani. Njaa ilimuuma, lakini hakuondoka. Watu wakirudi angesoma tena hapo hapo, kisha mitaa saba iliyobaki, kwa miguu, maneno yote.