Kalibu ya Helikopta

Juzi nilikwenda Samuye kumsaidia shangazi kusafisha jiko la bibi kabla halijabomolewa. Nimechoka siku hizi, rafiki yangu, hata kuinama ni kazi. Nyuma ya mafiga nikaokota kitu cha udongo uliochomwa, mviringo mfano wa yai kubwa. Shangazi alitaka kukitupa. Nikamwambia aache, hiyo ni kalibu ya helikopta.

Enzi hizo baba alikuwa anatwanga mawe ya dhahabu Nyarugusu, na nyumbani alikuja kwa nadra, analala siku mbili anaondoka. Mara mojamoja helikopta ilipita juu ya mashamba ya pamba, nasi tukaikimbilia mpaka pumzi zinakata. Kaka yangu akaamua tutengeneze ya kwetu, baba akija aione, labda atakaa zaidi. Hilo tu ndilo tulilolitaka.

Mkia ulikuwa bua la mtama, pangaboi tulilikata kwenye kopo la mafuta. Taabu ilikuwa kioo cha mbele. Baba alikuwa ametuletea chupa mbili za plastiki za maji kutoka machimboni, maana kijijini zilikuwa adimu. Tukafinyanga udongo kwa umbo la kioo hicho, ndiyo kalibu yetu, tukauvalisha chupa iliyokatwa kitako, tukaizungusha juu ya makaa ili inywee ishike umbo. Ya kwanza ikaingia ukungu na mikunjo. Bibi, ambaye alikuwa mfinyanzi, akaugusa ule udongo.

“Huu bado unatoa jasho, ng'wanawane. Leteni niuchome pamoja na vyungu vyangu.”

Tukangoja siku ya kuchoma vyungu, moshi wa kinyesi cha ng'ombe ukitukereketa kooni. Chupa ya pili ikanywea vizuri, ikatoka nyororo, unaona ng'ambo. Tukaigandisha kwenye fremu ya waya kwa plastiki ya moto.

Baba alipokuja aliigeuzageuza mikononi, macho mekundu kwa vumbi la mawe.

“Sasa mimi nakaa wapi humu?” akauliza.

Hatukuwa tumemfikiria. Na kioo kilishaganda, kukitoa ni kukivunja. Akasema safari ijayo atakuja na chupa nyingine. Alipoondoka nikafinyanga mtu mdogo aliyeketi, bibi akamchoma, nikamweka jikoni amsubiri baba.

Baba alirudi wakati wa kuvuna pamba, mikono mitupu, anakohoa. Hakuna aliyemuuliza habari ya chupa. Tulitaka akae, akakaa. Mvua za kwanza zilipoanza tulikuwa tumeshamzika.

Bibi naye hayupo, na kaka simu zangu hapokei. Chupa ndizo zimejaa kila mtaro. Niliokota moja nje ya uzio, nikaikata kitako, nikaivalisha kalibu, ikaingia kwa shida vilevile kama zamani. Shangazi akaniuliza kama awashe makaa.

Nikamwambia asubiri, tumtafute kwanza yule mtu wa udongo.