Mume Wangu Anafunga kwa Ajili Yangu, Nami Nakula Jikoni

Wasomaji wenzangu, nashukuru ukurasa huu kwa kunificha, maana huku Kinoru tunajuana sana. Majina nimeyabadilisha yote. Nina miaka thelathini na miwili, watoto watatu, na mume wangu, nitamwita Baba Mwenda, ni mzee wa kanisa. Ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nilipojifungua huyu wa mwisho, wasiwasi uliniingia. Lango likigongwa tu, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, naona kama nakufa niwaache watoto. Siku moja nilianguka shambani mtoto akiwa mgongoni. Hakuumia, lakini tangu hapo najiogopa mwenyewe.

Baba Mwenda akawaita akina mama wa maombi. Wakasema ni roho ya hofu, haitoki bila kufunga. Nikafunga kila Jumatano na Ijumaa, maji tu. Yeye naye akafunga, ingawa anashinda akipasua mbao. "Siwezi kula na wewe unateseka," aliniambia. Lakini siku hizo za kufunga ndizo nilizotetemeka zaidi.

Nilipompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, nesi alinivuta kope akaangalia jicho.

"Mama, asubuhi unakulanga nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai tu ya rangi, kali. Nikikunywa hiyo njaa inaisha."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanipima damu, akakuta iko chini sana. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaniambia nisivimeze na chai, hiyo chai kali niipunguze, na nile kabla ya kazi. "Siwezi kukuahidi wasiwasi itaisha yote," akasema, "lakini wacha kwanza tulishe huo mwili."

Niliogopa kumwambia mume wangu. Vidonge nikavificha kwenye mkebe wa unga wa ugimbi, yaani wimbi, na siku za kufunga nikawa nakunywa uji jikoni nikiwa nimesimama, kama mwizi. Sasa ni miezi miwili. Moyo bado hushtuka, lakini si kama zamani. Baba Mwenda amekonda mpaka ametoboa mkanda tundu jipya, na kila akinitazama anafurahi. "Unaona, Mama Mwenda? Mungu amesikia." Mimi nainamisha kichwa.

Juzi alisimama kanisani akashuhudia kwamba nimepona kwa kufunga. Jumapili ya mwisho wa mwezi natakiwa nishuhudie mwenyewe. Ningeweza kujikaza nikadanganya. Lakini jirani yangu Kendi, mama mchanga anayenyonyesha, anasumbuliwa na moyo kama wangu, na aliposikia ushuhuda ule akaacha kula. Jana nilimkuta penye bomba la maji ameegemea ukuta, mtoto mgongoni.

"Mama Mwenda, kwani wewe ulifunga siku ngapi ndio ikatoka?"

Nilimbebea mtungi wake wa maji mpaka kwake, nikarudi nikilia.

Nikisema ukweli, Baba Mwenda ataaibika mbele ya kanisa zima, na atajua alishinda njaa kwa ajili yangu huku mimi nimeshiba. Nikinyamaza, Kendi ataanguka, na labda mtoto wake hatakuwa na bahati ya wangu. Ndugu zangu, nguvu zimeniisha. Niambieni nianzie wapi: kanisani, kwa mume wangu, au mlangoni kwa Kendi na bakuli la uji?