Maganda ya Shokishoki

Mtu anafungaje siku ya Idi?

Swali hilo nilimuuliza bibi yangu nikiwa na miaka kumi au kumi na moja, nyumbani kwetu Sib, Omani, harufu ya kahawa ya iliki ikitoka jikoni na moshi wa udi ukiwa bado umeganda kwenye mapazia. Bi Zuwena alikuwa ameshaondoka. Alikuja kila Idi, na kila palipokuwa na msiba au mtoto mchanga, akakaa kwenye zulia karibu na mlango na kuuliza hali ya kila mmoja wetu kwa Kiswahili chake cha Bara, maana ukoo wake ulirudi Omani kutoka Tabora, si Unguja kama sisi. Halwa ikisogezwa mbele yake, aliigusa sahani kwa ncha za vidole na kuirudisha. Kahawa hakuipokea. Bibi alitueleza kwamba amefunga. Kwenye chuo cha Kurani tulikuwa tumefundishwa kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu, nami nilikuwa mtoto wa kushika jambo kama hilo na kutoliachia. Bibi alinitazama, akasema, "Wewe umezaliwa na ulimi wa kadhi," akanipa finjani nikazioshe.

Baridi ya mwaka uliofuata, mjomba alirudi kutoka Unguja na kikapu cha shokishoki. Miaka hiyo hazikupatikana Maskati. Zilikuja kwa ndege mikononi mwa watu, na kufika kwake kulikuwa habari ya mtaa mzima. Nyingi ziligawiwa siku ile ile. Mimi niliomba sahani moja, si ya kula. Abla wetu wa sanaa, mwalimu wa Kimisri mwenye sauti ya upole, alikuwa ametuagiza kila mmoja apange vitu vichache nyumbani na kuvichora kwa rangi za maji, na picha zilizopendeza zingetundikwa siku wazazi watakapokuja shule. Nikaweka dele la kahawa la bibi, la shaba, finjani moja, na sahani ya shokishoki zenye nywele nyekundu, kwenye meza fupi barazani ambako mwanga wa alasiri uliingia kwa ubavu.

Abla alitufundisha kwamba katika kisanduku cha rangi za maji weupe haumo. Weupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka kung'aa kwa shaba, pale unapoacha ndipo panapong'aa, na ukishapitisha brashi huwezi kurudi. Sheria hiyo ilinitisha na kunipendeza kwa pamoja. Nilianza kushoto ili kiganja kisivuruge rangi mbichi, nikamaliza dele, nikamaliza finjani, nikafika katikati ya sahani. Upande wa kulia ulikuwa bado mweupe Bi Zuwena alipopiga hodi.

Haikuwa Idi wala msiba. Alikuwa anatoka hospitali kumwona mtu, akasema amepita tu kupumzisha miguu. Bibi alitazama huku na huku akitafuta cha kumkirimu, macho yake yakaangukia meza yangu. Akaibeba sahani.

"Bibi, hizo za kuchora," nikasema.

"Za kuchora? Mgeni ale karatasi?"

Aliketi chini karibu na Bi Zuwena, karibu kuliko nilivyowahi kuwaona. Alimenya shokishoki moja kwa kucha ya kidole gumba, akamnyooshea. Bi Zuwena hakuupokea mkono wala hakuusukuma. Nilisubiri neno lile la kufunga. Halikuja.

"Kula, Zuwena," bibi akasema. "Tumezeeka sasa."

Bi Zuwena aliichukua kwa ncha za vidole, akala. Akala ya pili, na ya tatu alimenya mwenyewe. Walianza kuzungumza juu ya magoti yao, juu ya wakwe, juu ya daktari aliyemkataza bibi halwa, "na mwenyewe tumbo lake nnaliona linamtangulia mlangoni," bibi akasema. Bi Zuwena alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Alikunywa kahawa, akaitikisa finjani kuonyesha ametosheka, akanigeukia. "Nimeila picha yako, mwanangu?" Nilikuwa nahesabu shokishoki zilizobaki.

Alipoondoka, bibi aliyakusanya maganda na kokwa, akayapanga upande wa kulia wa sahani, upande ule ule niliokuwa sijauchora, akairudisha mezani. "Haya, endelea."

"Nichore nini? Zimeliwa."

"Maganda yapo. Chora maganda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yapo."

Nikamwambia hakuna anayechora taka. Bibi hakubishana. Alinisogezea kikombe cha maji ya brashi, akaenda zake. Kesho yake nilimweleza abla, akacheka kwa huruma, akasema nizikumbuke tu zilivyokuwa. Mama naye aliona hivyo: sahani iliyojaa inapendeza ukutani. Kwa siku kadhaa nilikaa mbele ya ule weupe brashi ikinikaukia mkononi. Mimi niliyekuwa nikibishana na kila mtu juu ya ukweli nilikuwa na ukweli mbele ya macho yangu, mwekundu nje na mweupe ndani, na nikauona kama uchafu. Wiki hiyo bibi hakuwa na nafasi ya kuniuliza nimefika wapi. Alasiri tatu mfululizo aliingia jikoni, akapika uji wa pilipili manga na sambusa, akamfungia mjomba ampelekee Bi Zuwena huko Mutrah kabla ya magharibi. Niliona anamjali mgeni kuliko picha yangu.

Mwishowe nilijaza upande wa kulia shokishoki nzima, za kichwani mwangu, nzuri na za duara kupita zile za kweli. Picha ilitundikwa shuleni, kisha nyumbani, ukumbini. Bibi aliitazama, akasema maashallah. Maganda yalikuwa yameshakuwa meusi mezani. Aliyatupa mwenyewe.

Siku hizi nikitaka shokishoki nazinunua dukani hapa hapa Sib, zimefungwa kwa plastiki, zimetoka Tailandi, na hakuna jirani anayebisha hodi kuulizia. Bibi amefariki, Bi Zuwena pia. Mwaka niliomaliza chuo kikuu, mama aliishusha picha ili ukuta upakwe rangi, na huku akifuta kioo akanieleza, kana kwamba ni jambo nililolijua. Kabla sijazaliwa, Bi Zuwena alikuja kumposea mwanawe binti wa nyumba hii, yaani mama yangu. Bibi alimjibu kwamba binti wa Unguja haendi kwa watu wa Bara. Bi Zuwena akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hatatia kitu kinywani katika nyumba yetu. Kuja hakuacha, kula aliacha. Nilimuuliza mama kama siku ile yeye mwenyewe aliulizwa. Aliendelea kufuta kioo mahali palipokuwa safi tayari.

Niliichukua picha ile, sasa iko kwangu. Nimewahi kuitoa kwenye fremu, brashi mkononi, nikitafuta pa kuyaweka maganda. Hapapo. Weupe nilishaujaza, na karatasi inaonyesha sahani ambamo hakuna aliyekula.

Jambo la mwisho siku ile mama alilitaja akiwa ameshatoka ukumbini, akisemea koridoni. Anayevunja kiapo, akiwa hana uwezo wa kulisha maskini kumi, hufunga siku tatu. Wiki ile ya shokishoki Bi Zuwena alikuwa amefunga kweli, na futari yake ilitoka jikoni kwetu.