Samadi ya Mzee Adrabo

Sitti anakaa pembeni mwa Koboko, mahali barabara inapoanza kuelekea Midia, na nyuma ya nyumba yake kuna shamba dogo lenye udongo mwekundu uliojaa changarawe. Kila msimu maharagwe yake yalitoka mafupi, ya manjano, na maganda ya kuhesabu. Majirani walimwambia ajenge chumba cha kupangisha. Hakuwasikiliza. Kule sokoni anajulikana kwa sufuria ya maharagwe, na alitaka siku moja apike ya kwake, asiende tena kubembeleza wachuuzi wa Arua.

Mwaka huu jirani yake, Mzee Adrabo, alimhurumia.

"Mama Hakimu, udongo yako iko na njaa. Mimi iko na samadi mingi, imelala msimu mzima, imeoza vizuri."

Akamletea kwa toroli. Ilikuwa nyeusi, laini, haina harufu hata ukiinusa karibu. Sitti huwaona mbuzi wa mzee huyo barabarani kila siku, basi hakuuliza. Aliichanganya na udongo, akapanda mvua iliposhika.

Maharagwe yakainuka kama yameitwa. Majani mapana, kijani kilichokolea, maganda yakining'inia mpaka chini. Hata mama mkwe wake, Medina, ambaye nyumba nzima humwita Habooba, yaani bibi, na ambaye hasifu kitu ovyo, aliingia shambani na kikapu kuvuna mabichi.

Patience, mjukuu wa Adrabo, alikuwa akiwasaidia. "Habooba," akasema kwa furaha, "babu anasema nguruwe zetu ndio zimefanya hii kazi!"

Kikapu kikaanguka.

"Nguruwe gani?"

"Zetu. Ziko nyuma ya nyumba."

Habooba akajifuta mikono kwa majani, akajifuta tena. "Sitti, ukipika hii, mimi sili kwako mpaka nife. Na sokoni nitawaambia mwenyewe."

Sitti akamwendea mzee. "Baba Ivan, kwa nini hukuniambia?"

"Nilifikiri unajua." Mzee akashindwa kumtazama. "Mbuzi yangu iko tatu tu, mama. Samadi mingi hivyo ingetoka wapi? Ng'oa yote. Nitanunua mimi."

"Nani amekuomba ununue?" Sitti alijibu kwa ukali, kisha akakaa kwenye kibaraza cha mzee. Wateja wake wengi hutoka msikitini; bila wao hana biashara.

Baada ya sala ya alasiri akampeleka Habooba kwa Shehe Sulaiti wa msikitini. Shehe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipoitia shambani, ilikuwa inanuka?"

"Hapana. Ilikuwa udongo mtupu."

"Basi haragwe limekula udongo, halikula nguruwe. Ninavyojua mimi, zao ni safi. Vuneni, osheni, mle."

Habooba hakuridhika. "Wewe mwenyewe ungekula?"

Shehe akajikuna ndevu, akacheka kidogo. "Nialikeni."

Sitti angeweza kunyamaza baada ya hapo. Lakini hakutaka kulisha watu kitu cha kuficha, na siri ambayo Habooba anaijua si siri. Siku ya soko akasimama mbele ya sufuria kabla ya kuifunua, akawaambia wote: samadi ilikotoka, na shehe alivyosema.

Wauza vitenge wawili wakainuka, wakaondoka. Wengine wakakumbuka shughuli zao. Benchi likabaki na Lado, kijana wa boda, ambaye mdomo wake hauna breki.

"Sitti, leo maharagwe inalia kwii?"

"Inalia jina lako. Kula au ondoka."

Habooba alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Shehe Sulaiti akafika, akaketi, akapiga bismillahi, akala. Aliifuta sahani kwa kipande cha chapati, akaomba nyingine. Mmoja wa wauza vitenge akarudi polepole, akijifanya amesahau mwavuli.

Sitti alikuwa akipakua. Aliposikia hatua nyuma yake hakugeuka.

"Wewe Lado," sauti ya Habooba ikasema, "sogea huko. Umekalia benchi lote kama la baba yako, na mimi tangu asubuhi sijala."