Nilivyolinda Yadi ya Kulaza Magari, Kariakoo

Siku yangu ya kwanza pale yadi nilikabidhiwa ufunguo wa lango na ufagio wa chelewa, nikaambiwa nianze na ufagio. Kiwanja kilikuwa nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, pale Kariakoo inapoanza kuwa Ilala, na kwa muda mrefu halmashauri ilikitumia kutupia magari yake mabovu. Nilifagia vioo na misumari mpaka mgongo ukakataa. Kabla ya hapo nilikuwa mtaani, kwenye kikosi cha kufunga minyororo magari yaliyoegeshwa vibaya, na kwa kazi ile nilikuwa nimeshatukanwa matusi yote yaliyomo mjini humu. Ufagio haukunisumbua.

Mchana Mkurugenzi alikuja mwenyewe kukagua. Alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, na alipenda kutembea kwa miguu wakati wasaidizi wake wakimfuata wakihema. Alinieleza mpango. Watu wanaingia Kariakoo na magari kutoka mikoani, wengine kutoka Zambia na Kongo, kufuata bidhaa. Jua likizama hawana pa kulaza gari. Wanalala barabarani, wanaibiwa betri na vioo vya pembeni. Wapo pia wageni wa Kizungu wanaozunguka Afrika na magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, nao wanahangaika vilevile. Halmashauri itawapa wote pa kulaza gari, pamoja na choo, bomba la maji, taa na mlinzi. Bure.

Nikamuuliza kwa nini bure, wakati mji huu hata kusimama una ushuru.

"Tatu," akaniita kwa jina langu, "mgeni akilala salama kwako, asubuhi ananunua kwako. Na hata asiponunua, amelala."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi. Huyo ndiye pekee ambaye maneno yake niliyabeba mpaka nyumbani.

Vijana mnadhani kulinda yadi ni kukaa kwenye kiti. Kulaza magari ni ufundi. Linaloondoka alfajiri linakaa karibu na lango, linalokaa siku kadhaa linasogezwa ukutani, na hakuna kumziba mtu. Fuso lenye mzigo halisimami kwenye mteremko bila kabari, yaani kipande cha gogo kinachowekwa nyuma ya tairi, hata dereva akikuapia kwamba breki zake ni mpya. Gari-nyumba lina tangi la maji safi na tangi la maji machafu. Hilo unaliweka karibu na chemba ya majitaka, ili mwenyewe atapishe tangi lake bila kumwagia jirani. Mafundi wa Ilala waliyaita magari hayo makobe, kwa kuwa yanatembea na nyumba zao mgongoni.

Walikaa pamoja vizuri tu. Niliwahi kumwona dereva kutoka Tunduma akimfundisha mama wa Kizungu kusonga ugali. Ukawa uji, wakaunywa. Asubuhi nilifungua lango, magari yakatoka moja moja, na kila dereva akaniaga kwa jina. Mtu aliyetoka kwenye kazi ya minyororo hawezi kusahau kitu kama hicho.

Mzee Kapinga na mkewe walikuja kutoka Mbinga na Haisi kuukuu. Walikuwa wameng'oa viti vyote, wakatandika godoro, wakaweka jiko dogo la gesi na madumu ya maji, wakatundika kitenge dirishani. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu. Figo zake zilikuwa zimekufa, na kila baada ya siku moja au mbili ilibidi apelekwe hospitali kubwa ya Upanga kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Tiba ile haina kwenda na kurudi Mbinga. Ukiianza, unahamia ilipo mashine. Mjini hapa hawakuwa na ndugu, na gesti mtu halali miezi. Mkewe aliendesha gari, alipika, alimwogesha, alimsindikiza kwa bajaji. Niliwaweka kwenye kivuli cha ukuta, karibu na choo. Kila asubuhi nilikwenda dirishani kumwamkia mwalimu, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya darasani, siku anazoweza na siku asizoweza.

Kisha Mama Mkurugenzi akahamishwa, na tukaletewa Afisa Maegesho mpya.

Alikuwa kijana nadhifu, shati lake halikuwa na kunyanzi. Alinipa shikamoo kila asubuhi, na hiyo ndiyo iliyonichelewesha kumjua. Alipenda makobe. Alipiga picha pembeni yao, akawapa wageni mkono, akaleta bango kubwa lenye gari-nyumba jeupe na neno KARIBUNI. Niliona ni jambo jema, hata nikashika ngazi lilipotundikwa.

Wiki ile ile akaniambia kwamba kuanzia sasa yadi ni ya magari-nyumba ya watalii tu. Mafuso yatoke. Nikawaambia madereva, watu niliowajua kwa miaka, kwamba mahali pao hapapo. Hawakubishana nami. Wakarudi kulala barabarani, na kikosi changu cha zamani kikawafuata huko na minyororo. Halmashauri moja, mkono wa kushoto ukiwafukuza ndani na wa kulia ukiwakamata nje. Nilipomweleza Afisa hilo alisema hayo ni mambo ya idara nyingine.

Mama Kapinga hakutoka. Hakuwa na pa kwenda. Afisa akaamuru bomba lifungwe, akijua makobe yana matangi yao na Mama Kapinga ana madumu tu. Bwana Vinod, mwenye duka la mabomba upande wa pili wa ukuta, akapata habari. Alipitisha mpira wa maji juu ya ukuta, akaniita nije kuupokea, na tangu siku hiyo tukachota kwake.

Nilikwenda ofisini kwa Afisa. Nilimwambia kwamba ile Haisi nayo ni gari-nyumba, kwa sababu ina kitanda, ina jiko, ina maji, na ina watu wasio na nyumba nyingine hapa.

Akatabasamu. "Mama Tatu, ile ni Haisi yenye godoro."

"Na la yule Mzungu?"

"Lile limetoka hivyo kiwandani. Mama, unajua ninachomaanisha."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Hapo akaacha kutabasamu. Akasema kuna ugeni unakuja kutoka mji rafiki wa ng'ambo, watatembezwa yadi kuonyeshwa ukarimu wetu, na hataki kitenge kinachopepea dirishani. Nikamwomba angalau angoje mzee apate nafuu. Akanijibu kwamba ugonjwa ule hauna nafuu. Alikuwa sahihi, na nilitamani kumzaba kibao.

Brekidauni, lile gari la kuvuta magari, ilikuja mchana, wakati Mzee Kapinga yuko kwenye mashine. Nililifunga lango, nikautia ufunguo kifuani, nikawaambia vijana wa brekidauni kwamba wenye gari wako hospitali, wakirudi wataliondoa wenyewe. Afisa alikuja kusimama karibu nami akaongea polepole, kama anayembembeleza mama yake. Aliniomba nisimharibie kazi. Nikamwambia lango hili nilipewa nilifungulie watu. Basi akawaita walinzi wa kampuni, wakavunja kufuli kwa mtaimbo mbele ya macho yangu. Nilikimbilia Haisi nikaokoa mfuko wa dawa na blanketi. Sufuria ya maharage aliyoyachemsha Mama Kapinga asubuhi ilipinduka ndani waliponyanyua gari, na mchuzi ukavuja mlangoni njia nzima mpaka barabarani.

Mzungu mmoja mzee alishuka kwenye kobe lake akauliza kuna nini. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nilimweleza. Alirudi ndani, akatoka na kiti cha kukunja, akakikunjua pale pale Haisi ilipokuwa, akasimama kando yake. Wala hakupiga picha.

Walirudi kwa bajaji alasiri. Mtu akitoka kwenye mashine ile hana nguvu hata ya kushika kikombe, na rangi yake inakuwa ya jivu. Mzee Kapinga alitazama mahali pa gari lake, akanitazama mimi, kisha akakaa kwenye kiti cha Mzungu bila kuuliza. Mkewe ndiye aliyekwenda kwa Afisa, ambaye alikuwa anasimamia vijana wa kupaka mistari ya rangi nyeupe. Nilimfuata kwa sababu niliogopa angeanguka.

"Mwanangu," alimwambia, "baba yako yupo?"

Afisa akasema yupo.

"Basi akiugua, usimlete mjini."

Mzungu alitaka kuwalaza kwenye kobe lake. Mzee Kapinga akamshukuru, akasema hawezi kuzipanda zile ngazi, na ilikuwa kweli. Nikawachukua kwangu Ilala. Nina vyumba viwili, kimoja nikawapa. Haisi waliikomboa baadaye, haina betri, godoro limeota ukungu. Ugeni ulikuja, ukatembezwa, ukapigiwa ngoma, ukasifu.

Mwalimu alifia chumbani kwangu kabla masika hayajaisha. Sisemi brekidauni ndiyo iliyomuua. Figo ndizo zilizomuua. Lakini alikuja kwenye mji wenye bango la karibuni, akakaa kimya kwenye kivuli, hakumziba mtu, na mji ukamwinua kwa mnyororo kama taka. Mwezi wake wa mwisho aliutumia kuniomba radhi kwa kunisumbua. Aniombe radhi mimi! Kila alipofanya hivyo nilitoka nje, nikashika ufagio, nikafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Kwa kosa la kulifunga lile lango nilihamishiwa Mchikichini, kusimamia vyoo vya sokoni kwenye mitumba. Ilikusudiwa niaibike. Sikuaibika, wauza viatu walikuwa watu wema na vyoo vyangu vilikuwa safi. Huko nilimalizia utumishi.

Siku ya kuagwa tulikusanywa ukumbini, wastaafu mstari wa mbele, pilau nyuma. Aliyehutubia alikuwa yule Afisa, ambaye sasa ni Mkuu wa Idara na shati lake bado halina kunyanzi. Alinisifu. Alisema mimi ni miongoni mwa walioanzisha ukarimu wa halmashauri yetu, na kwamba maegesho ya bure yameutangaza mji. Watu wakapiga makofi. Nikapewa kipaza sauti niseme neno.

Sikuwa nimeandaa kitu. Nilimgeukia nikamuuliza kama anamkumbuka Mzee Kapinga.

Alifikiri. Nilimtazama akifikiri kweli, paji la uso likakunjana, akataka kunisaidia. Kisha akasema, "Samahani mama, alikuwa idara gani?"

Nilimrudishia kipaza sauti, nikaketi.

Watu hunishauri niache, nimezeeka, hasira itanipandisha presha. Labda. Angeniambia kwamba alitii amri ya waliomzidi, ningemjibu, tungegombana, pengine yangeisha. Angesema alimwonea yule mzee na inamuuma, hata pilau ningekula naye sahani moja. Lakini jina lenyewe halimo kichwani mwake. Nyumbani kwangu kile chumba bado tunakiita kwa mwalimu, na Mama Kapinga akija mjini hulala humo. Huwa hatuzungumzi habari ya yadi. Siku ile tu, nilipomsimulia niliyoulizwa ukumbini, aliweka kikombe chini, akaniambia nikikutana tena na yule Afisa nimjibu: alikuwa idara ya watu.