Miaka miwili nilidhani namwongezea binti yangu damu, kumbe namjazia ini chuma

Wakuu, mwangaluka.

Sijaja kutafuta huruma na chumvi sitaongeza. Nimekaa na hili kifuani wiki tatu, usingizi hamna. Leo naliweka hapa kama lilivyo.

Niko Bariadi, nauza pembejeo za pamba. Binti yangu Minza ana miaka tisa na ana selimundu. Kwa wasiojua, damu yake inavunjika haraka. Ameshaongezewa damu mara nyingi mpaka manesi wanamwita kwa jina.

Kliniki walimwandikia vidonge vya folic acid, kila siku. Kuna kipindi vikakosekana. Muuzaji wa duka la dawa akanipa chupa ya dawa ya maji, nyekundu, tamu. Akasema hii ina folic na madini ya chuma humo humo, inaongeza damu kuliko vile vidonge.

Nikafurahi. Mtoto ana upungufu wa damu, nimepata dawa ya kuongeza damu. Hapo wewe ungekataa?

Miaka miwili wakuu! Kijiko kila asubuhi, namnywesha mwenyewe kabla sijaenda dukani.

Mama yangu naye yuko Mwandoya. Ng'ombe akichinjwa kwenye ukoo, maini yanatengwa ya Minza, yanakuja na basi kwenye ndoo. Kwetu mwenye damu pungufu anakula maini, hilo halina mjadala.

Kliniki wakiuliza, "Dawa anakunywa?" najibu kwa kujidai kabisa, "Anakunywa, hajawahi kuruka." Hawakuuliza dawa gani, na mimi sikuona cha kueleza.

Mwaka huu akaanza kulalamika tumbo, upande wa kulia. Tukapewa rufaa kwenda Mwanza kupiga MRI ya ini.

Daktari wa kule alinielewesha taratibu. Kila damu anayoongezewa inaacha chuma mwilini. Mwili hauna njia ya kukitoa, kinajikusanya kwenye ini. Ile mashine inakipima bila kumchoma mtoto sindano ya kunyofoa kipande cha ini.

Tukavua hereni zake na bangili ya shaba aliyovishwa na bibi yake. Akaambiwa alale asitikisike, abane pumzi akiambiwa. Mashine inagonga kama fundi anapiga bati. Niliruhusiwa kukaa humo, nikamshika mguu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Majibu yakatoka. Daktari akaangalia, akarudia kuangalia. Akasema chuma ni kingi kuliko kile ambacho damu alizoongezewa zingeweza kuacha.

"Baba Minza, kuna kitu kingine anatumia?"

Kabla sijajibu, Minza akatoa ile chupa kwenye begi lake. "Natumia hii, daktari. Baba hajawahi kusahau hata siku moja."

Daktari akasoma lebo. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Akasema tu kwamba mtoto wa selimundu anayeongezewa damu hapewi dawa ya chuma hivi hivi bila vipimo. Ini limeshaanza kuwa gumu. Kaanzishiwa dawa ya kutoa chuma, ya kila siku, na mwakani tutarudia kipimo. Nikamuuliza kama ini litarudi kama zamani. Akasema, "Tutajitahidi." Wakuu, mimi ni mtu mzima, najua maana ya jibu hilo.

Mke wangu hajanilaumu, ila ananipakulia chakula bila kuniangalia. Mama sijamwambia. Juzi ndoo ya maini imekuja tena, na maini nayo yamejaa chuma, nikaipeleka kwa jirani.

Funzo langu ni hili: upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Ukibadilishiwa dawa dukani, beba chupa uende nayo kliniki, usiseme tu "anakunywa". Hakuna aliyenificha kitu, sikuuliza.

Mwenye mtoto aliyetumia dawa ya kutoa chuma, naomba aniambie ini liliishia wapi. Hata kama ni habari mbaya, andika. Mnaotaka kunitukana nanyi karibuni, sitajibu.

Ile dawa mpya Minza haipendi, ni chungu. Leo asubuhi kanifuata mlangoni ameshika kijiko.

"Baba, siku hizi mbona hunipi ile nyekundu? Nimekukosea nini?"